Dondoo muhimu: Nguruwe na kamba kama wanavyopika nyumbani Vietnam

Chakula hiki, tôm rim thịt, huliwa na wali mweupe, na kazi yote haizidi nusu saa. Chukua gramu 300 za nyama ya nguruwe ya chini ya ubavu, yenye mafuta, uikate vipande vyembamba. Vinene havitaiva ndani ya muda huo. Kamba, gramu 200, wabaki na maganda, maana ndiyo yanayoshika rojo. Kata ndevu na miguu tu, kisha wakaushe vizuri.

Kaanga nyama peke yake bila mafuta, moto wa wastani, hadi itoe mafuta yake na kingo zipate rangi ya dhahabu. Mafuta yakizidi, yapunguze. Tia kitunguu saumu, vijiko 2 vya chakula vya sosi ya samaki, kijiko 1 cha sukari na robo kikombe cha maji. Chumvi usiiguse kabla ya kuonja: sosi hiyo, nước mắm, ni samaki waliochachushwa kwa chumvi nyingi.

Rojo likianza kunata, ndipo kamba waingie. Dakika 3 au 4 zinatosha. Wakijikunja kama pete, wameshakuwa wagumu. Nyunyiza pilipili manga kwa wingi, na majani ya vitunguu.