POMBE YA CHUNGU NA DHANA ZA WATU WA PWANI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Shukrani zote ni zake, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa suali na kijana wa kwetu pwani, ambaye jina lake tunalisitiri. Amefungua duka katika kijiji cha Nyangoto, upande wa Nyamongo, wilaya ya Tarime, katika mkoa wa Mara, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza kazi mwaka 2002. Wenyeji wa huko ni Wakurya, watu wa ng'ombe na kilimo. Asema kwamba katika wanunuzi wake wakubwa wamo wanawake wanaopika pombe majumbani mwao, nao humnunulia ulezi na sukari. Tena jirani yake humwita kila penye arusi au upatanisho, na chungu cha pombe huwa katikati ya watu.

Amewauliza rafiki zake wa pwani, kila mmoja akampa lake. Wa kwanza alimwambia kuwa pombe ya nafaka si khamri. Wa pili alimwambia kuwa hata togwa na uji mchachu ni haramu. Wa tatu alimwambia asile wala asikae na watu wale, kwani wote ni najisi. Naye auliza: nishike lipi, na duka langu nilifanyeje?

Suali hili si la kijana huyu peke yake. Wako wengi katika ndugu zetu waliokwenda bara kutafuta riziki, na wengi zaidi wakaao barazani wakiwahukumu watu wasiowajua. Basi tumeona ni wajibu kulieleza jambo hili kama somo, tukianza na khabari ya kitu chenyewe, kisha tuje kwenye dhana moja moja.

PAPO KWANZA: POMBE HII NI KITU GANI?

Nafaka kwa asili yake haina ulevi. Mpishi huuloweka ulezi katika maji, kisha huuacha uchipue. Huo ulioota ndio uitwao kimea. Kimea huanikwa juani na kusagwa. Unga mwingine, wa mahindi au mtama, hukandwa kwa maji ukaachwa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya moto. Halafu vyote viwili hutiwa majini katika chungu, vikaachwa siku kadha. Kimea huigeuza wanga ya nafaka kuwa sukari, na hamira huila ile sukari ikatoa ulevi na povu. Katika nchi nyingi za kando ya Ziwa, tangu zamani, wazee huketi wakakizunguka chungu kimoja, wakainyonya pombe yake kwa mirija mirefu.

Bia ya kiwandani nayo hupikwa kwa njia hiyo hiyo ya kimea na hamira, ila nafaka yake aghalabu ni shayiri. Basi chungu cha Nyangoto na chupa ya mjini ni ndugu wa baba mmoja, na anayemcheka mwenye chungu hali yeye ameficha chupa, amejicheka mwenyewe.

DHANA YA KWANZA: KWAMBA KHAMRI NI YA ZABIBU TU

Hii ni dhana ya kale, na jawabu lake ni la kale vile vile. Abu Musa al-Ash'ari alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vinywaji viwili vya huko: kimoja cha asali, na cha pili kiitwacho mizri, ambacho ni cha nafaka. Mtume hakumuuliza kimetokana na mti gani. Alimjibu kwa kauli moja iliyokusanya vyote, kwamba kila chenye kulevya ni haramu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi tazama, ewe ndugu: mizri ni pombe ya nafaka, na hukumu yake imekwisha kutajwa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Tena Anas bin Malik amesimulia kwamba siku ilipoharimishwa khamri yeye alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, na kinywaji chao kilikuwa cha tende. Waliposikia mwenye kunadi, walikimwaga mpaka kikapita katika njia za Madina. Hawakusema kwamba chetu ni cha tende na kilichokatazwa ni cha zabibu. Na Sayyidna Umar alibainisha juu ya mimbari kwamba khamri ni kile chenye kuifunika akili.

Ni kweli kwamba Imamu Abu Hanifa alikuwa na rai mbali katika baadhi ya vinywaji visivyokuwa vya zabibu wala tende. Lakini wanazuoni walio wengi, na madhehebu yetu ya Shafi miongoni mwao, hawakuifuata rai hiyo; na mwanafunzi wake mwenyewe, Muhammad bin al-Hasan, aliungana na walio wengi. Basi asiitafute mtu rukhsa kwa imamu asiyemfuata katika sala yake wala saumu yake, akamkumbuka siku ya chungu tu.

DHANA YA PILI: KWAMBA NI CHAKULA, NA KIDOGO HAKIDHURU

Wasema baadhi ya watu: hii ni nzito kama uji, hushibisha, wala si kali. Ni kweli kwamba hushibisha, lakini kushiba hakuuondoi ulevi uliomo. Na kuhusu kidogo, imepokewa kwa Jabir kwamba kitu ambacho kingi chake chalevya, basi hata kichache chake ni haramu. Sharia haikumpimia mtu bilauri, kwani kila mnywaji hudhani kwamba kipimo chake bado hakijafika.

Wala jina halibadili kitu. Sisi wa pwani tuna tembo la mnazi, na wako wasemao kuwa tembo si pombe. Utomvu mtamu ulioshuka mnazini sasa hivi, kabla haujachachuka, hauna ulevi. Lakini joto letu halingoji, na kabla ya jua kuzama huwa limekwisha kuwa tembo la kulevya. Mtume (S.A.W.) alikwisha kutuonya kwamba watakuja watu katika umati wake watakaoinywa khamri na kuiita kwa jina lisilo lake.

DHANA YA TATU: KWAMBA KILA KILICHOCHACHUKA NI HARAMU

Hapa wamepotea wale waliotaka kuwa na takua kuliko Sharia yenyewe. Kuchachuka si sababu ya uharamu. Sababu ni kulevya. Mkate wa hamira huumuka wala haumlevyi mtu. Siki ilipita katika ulevi ikageuka yenyewe, nayo ni halali na ni kitoweo alichokisifu Mtume. Maziwa ya mgando ni machachu, na hakuna aliyeyatilia shaka.

Togwa nayo hupikwa kwa uji na kimea, na utamu wake watokana na ile kazi ya kimea tuliyoieleza. Ikinyweka mbichi ni halali. Mtume mwenyewe (S.A.W.) alikuwa akitiliwa tende au zabibu katika maji, akanywa siku hiyo na ya pili mpaka ya tatu, kisha kinachobaki huamrisha kinywewe na wengine au kimwagwe, kama alivyosimulia Ibn Abbas. Lakini zile siku tatu si kipimo cha nchi zote, kwani penye joto kitu huharibika upesi. Basi ikianza kutoa povu, ikawa yawasha ulimini, na wapishi wenyewe wakasema kwamba imeshika, iache. Kukiharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu ni kosa kama kukihalalisha alichokiharimisha.

DHANA YA NNE: KWAMBA IMEKATAZWA KWA KUWA NI SUMU

Mara nyingi husikiwa khabari za watu waliokufa au kupofuka kwa pombe, na watu wakasema: hiyo ndiyo pombe ya nyumbani. Yapasa kupambanua. Pombe ya chungu haichemshwi kutwaa mvuke wake. Ile itwaliwayo mvuke, iitwayo gongo huku Tanzania na chang'aa huko Kenya, ni kitu kingine, chenye nguvu mara nyingi zaidi. Na yale mauaji makubwa, kama yale ya Nairobi mwaka 2000, walipokufa watu zaidi ya 100, yalitokana na spiriti ya viwandani iitwayo methanoli, iliyotiwa katika kinywaji. Mwili huigeuza methanoli kuwa tindikali inayoushambulia mshipa wa jicho. Kwa hiyo mnywaji hupofuka kabla ya kufa. Anayeona kiwi baada ya kunywa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu, wala asifichwe kwa kuona haya.

Twayaeleza haya kwa sababu hoja mbovu huharibu dini. Ukimwambia mtu kwamba pombe ni haramu kwa kuwa yaua, naye amemwona babu yake akiinywa mpaka uzee, atakudharau wewe na dini yako. Tena atakuuliza: ikisafishwa kiwandani je? Mwaka 2010 sharia ya Kenya iliiruhusu chang'aa kutengenezwa kwa leseni, baada ya kukatazwa tangu mwaka 1980. Je, leseni imeihalalisha? Uharamu wake umesimama juu ya amri ya Mola na juu ya kuiondoa akili, na Qur'ani katika Sura ya al-Maida imetaja uadui na kuzuiwa na sala.

DHANA YA TANO: KWAMBA WATU WALE NI NAJISI

Hii ndiyo dhana mbaya kuliko zote, kwani wenye kuisema hujiona wanaitetea dini. Katika madhehebu yetu khamri ni najisi, lakini mwanadamu si najisi, na Mwenyezi Mungu amewatukuza wana wa Adamu wote. Abu Tha'laba alipouliza juu ya vyombo vya watu walionywea khamri, aliambiwa avioshe kwa maji kisha avitumie. Basi kibuyu cha jirani kikioshwa ni safi, na maziwa atakayokupa ndani yake ni halali.

Tena tukumbuke kwamba sahaba wa Mtume walikuwa wanywaji kabla ya kuharimishwa, na katazo liliwajia kwa daraja: kwanza wakaambiwa kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake, kisha wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa, kisha likaja katazo la mwisho. Wale tunaowaiga leo walikuwa jana na bilauri mkononi. Na alipoletwa mtu aliyekuwa akirudia kunywa, mmoja akamlaani, Mtume (S.A.W.) alikataza asilaaniwe, akamshuhudia kuwa ampenda Mungu na Mtume wake.

Na yule mama wa Nyangoto apikaye, pengine ana watoto wa kusomesha, wala hajafikiwa na mtu wa kumweleza jambo hili kwa upole. Wewe umpitaye ukiziba pua, umemfikishia nini?

JAWABU LA MWENYE DUKA

Ama mwaliko wa jirani, nenda kumpongeza au kumpa pole, lakini usikae kwenye mviringo wa chungu, kwani tumekatazwa kukaa penye meza inayozungushwa khamri. Kaa kando, omba maji au maziwa, ueleze kwa adabu kwamba dini yako haikuruhusu. Mtu wa heshima hatakasirika.

Ama biashara, hapa ndipo penye mzigo, wala hatutakudanganya kuwa ni mwepesi. Imamu Nawawi katika Minhaji ameihesabu kuuza tende na zabibu kwa mkamua khamri katika biashara zilizokatazwa, na wafasiri wake wakasema: ukijua, au ukidhani kwa nguvu, kwamba atafanyia khamri, ni haramu, ukishuku tu, ni makuruhu. Basi ulezi ni chakula, na kumuuzia usiyemjua khabari yake hakuna ubaya. Lakini mama unayejua kwamba ulezi wake wote waenda chunguni, na mwenye gongo anayechukua sukari kwa magunia, hao usiwauzie kwa kazi hiyo. Najua kwamba fedha itapungua. Lakini katika watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri wamo muuzaji wake na mla thamani yake, na mfanya biashara mwenye akili hakai karibu na mlango huo.

Wala usiishie kwenye kukataa. Ulezi wa watu wale ni mzuri, na sisi wa pwani twautaka kwa uji, khasa mwezi wa Ramadhani. Wanunulie wale wale wanawake ulezi wao mkavu na unga uliosagwa, uwalipe bei ya haki, uulete huku. Hapo utakuwa umemwachia mama njia ya ada ya skuli isiyopitia chunguni. Na siku utakapomweleza kwa nini hukumuuzia, atakusikiliza.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Mizri ilikuwa kinywaji gani, na Mtume alijibu nini alipoulizwa?
2. Kwa nini siki ni halali na pombe ni haramu, hali zote zimechachuka?
3. Ni ipi tafauti ya pombe ya chungu, gongo na methanoli?
4. Mwenye duka akijua kazi ya mnunuzi, hukumu yake ni ipi? Na akishuku tu je?

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.