Jaribu Mfumo Mpya wa Kompyuta Bila Kugusa Kazi Yako: Mwongozo kwa Mawakala na Wafanyabiashara

Kama kompyuta ya duka lako bado inatumia Windows 10, kuna tarehe moja inayokuhusu: 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo huo uliozinduliwa mwaka wa 2015. Kompyuta haikuzimika. Bado inawaka, inachapisha na kuingia mtandaoni kama kawaida. Lakini tundu jipya la usalama likigunduliwa leo, hakuna wa kuja kuliziba, isipokuwa kama ulijiandikisha kwa mpango wa nyongeza, ambao nao ni wa muda tu.

Hili si jambo la Nairobi peke yake. Kutoka Isebania, Awendo na Rongo hadi Oyugis, Kendu Bay na Mbita, biashara nyingi zinategemea laptopu za ex-UK ambazo zimeshatumika miaka kadhaa. Nyingi za hizo hazikubali Windows 11, kwa sababu inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine ni nzima, kibodi iko sawa, lakini mlango wa kupanda juu umefungwa.

Leo tunajifunza jinsi ya kujaribu mfumo mwingine bila kufuta chochote, ili uamue ukiwa na ushahidi mkononi.

Mbona kampuni ya pesa za simu iongee kuhusu kompyuta?

Ni kweli, PIN yako iko kwenye simu. Lakini fikiria wakala mwenye kibanda cha saiba pale Rongo. Asubuhi anahudumia watu wa kuweka na kutoa pesa. Mchana anawasaidia wateja na iTax, eCitizen na HELB. Jioni anafungua tovuti ya biashara kuangalia malipo ya tili, anapakua taarifa ya mwezi, kisha anajaza hesabu ya floti kwenye Excel. Barua pepe inayoweza kubadilisha nywila zake zote iko wazi kwenye kompyuta hiyo hiyo. Picha za vitambulisho vya wateja ziko kwenye folda ya kupakua.

Mtu akiingia hapo, hana haja ya kukuuliza PIN. Ameshapata barua pepe, nambari za simu na majina kamili, na kwa hayo anaweza kukupigia akijifanya ni sisi na ukamwamini.

Mwezi Mei 2017 dunia ilipata somo hili kwa uchungu. Virusi vya WannaCry vilifunga faili za zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tangu Machi mwaka huo. Walioumia wengi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimesasishwa. Kompyuta isiyopata masasisho kabisa iko katika hali hiyo kila siku.

Njia mbili za kujaribu

Mifumo miwili ya bure inayofaa anayeanza ni Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu ilianzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake linatokana na neno la lugha za huko lenye maana ya utu. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na mpangilio wake unafanana na Windows ya zamani, kwa hivyo aliyezoea kitufe cha kuanzia pale chini kushoto hatapotea.

*Njia ya kwanza: flashi.* Unaweka mfumo mzima kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka hapo, na mfumo unafanya kazi ndani ya RAM. Diski yako haiguswi. Ukizima na kutoa flashi, Windows yako inarudi kama ulivyoiacha.

*Njia ya pili: mashine pepe.* Hii ni kompyuta ndani ya kompyuta. Unasakinisha programu ya bure kama VirtualBox kwenye Windows, kisha mfumo mpya unafunguka kwenye dirisha, kama vile unavyofungua kivinjari.

Watu wengi huuliza ni ipi bora. Zinajibu maswali tofauti:

- Flashi inajaribu mashine yako. Je, waifai inashika? Printa inaitika? Sauti na kamera ziko sawa? Haya yote yanaonekana, kwa sababu mfumo mpya unakutana na vifaa halisi.
- Mashine pepe inajaribu mazoea yako. Unajifunza kubofya, kuandika na kuhifadhi taratibu, huku kazi zikiendelea upande wa pili. Lakini waifai inayoonekana humo ni ya kuigiza, inapitia Windows. Usiseme "waifai inafanya kazi" kwa sababu ya mashine pepe.

Kama laptopu yako ina RAM ya GB 4, anza na flashi. Mashine pepe hugawana RAM na Windows, na GB 4 zikigawanywa mara mbili, pande zote zitalia. Ukiwa na GB 8 na zaidi, unaweza kutumia zote mbili.

Hatua za flashi

1. *Hifadhi kazi yako kwanza.* Nakili taarifa, hesabu na risiti kwenye diski ya nje. Jaribio halifuti kitu, lakini kidole kinaweza kuteleza.
2. *Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu muhimu.* Kila kilichomo kitafutwa.
3. *Pakua faili ya mfumo kutoka tovuti rasmi pekee.* Linux Mint ni takriban GB 3, Ubuntu ni karibu mara mbili yake. Usimalize bando la simu. Fanya hivyo mahali penye waifai.
4. *Hakiki faili.* Tovuti rasmi inaonyesha mfululizo mrefu wa herufi na namba uitwao SHA256. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri katika folda yenye faili, uandike `certutil -hashfile jina.iso SHA256`, ukiweka jina la faili yako. Majibu yakitofautiana na ya tovuti hata kwa herufi moja, futa upakue tena.
5. *Andika faili kwenye flashi* kwa programu ya bure kama Rufus au balenaEtcher. Kunakili kwa kuburuta hakutoshi. Flashi haitawaka.
6. *Tafuta ufunguo wa BitLocker.* Laptopu nyingi zimefunga diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mipangilio ya kuwasha, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uuone na uuandike kwenye karatasi *kabla* ya kuendelea. Hatua hii usiiruke.
7. *Zima kompyuta, chomeka flashi, washa tena* huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwashia. Mara nyingi ni F12 kwa Dell, Lenovo na Acer, na F9 au Esc kwa HP.
8. *Chagua kujaribu, usichague kusakinisha.* Linux Mint inafungua ukurasa wake moja kwa moja, na alama ya "Install" inakaa tu pale, usiiguse. Ubuntu itakuuliza: chagua "Try Ubuntu".

Usishangae ikiwa inasitasita. Inasoma kutoka flashi, na flashi ni ya polepole kuliko diski. Ikisakinishwa itakuwa na kasi zaidi.

Hatua za mashine pepe

Hapa ni rahisi zaidi. Sakinisha VirtualBox kutoka tovuti yake rasmi, bofya "New", elekeza kwenye ile faili uliyopakua, kisha uipe GB 4 za RAM na GB 25 za nafasi ya diski. VirtualBox ikigoma na kulalamika kuhusu VT-x au AMD-V, ina maana kipengele hicho kimezimwa kwenye mipangilio ya BIOS. Kiwashe ujaribu tena. Humo ndani unaweza hata kusakinisha mfumo kabisa, kwa sababu "diski" yake ni faili moja tu. Ukichoka, unaifuta.

Orodha ya kazi halisi ya kujaribu

Usitumie muda wako kutazama picha za ukutani. Fanya siku nzima ya kazi kwa mfano:

- Unganisha waifai. Ikikataa, unganisha simu kwa kebo na utumie data yake. Baadhi ya chipu za Broadcom zinahitaji programu ya ziada, na hilo ni bora ulijue leo.
- Chapisha ukurasa mmoja. Printa nyingi za HP hutambuliwa zenyewe, lakini si kila printa ni hivyo.
- Fungua iTax na eCitizen kwenye kivinjari, uone kama fomu zinajaa.
- Fungua taarifa ya akaunti ya PDF iliyofungwa kwa nywila. Inapaswa kuitika ukiandika nywila yako.
- Fungua daftari lako la Excel kwa LibreOffice. Hesabu za kawaida zitafunguka. Kama daftari lina makro ulizotengenezewa na mtu, zijaribu moja moja, kwa kuwa hapo ndipo hitilafu hutokea.
- Angalia saa. Linux na Windows husoma saa ya kompyuta kwa njia tofauti, na ukirudi Windows wakati mwingine utakuta imerudi nyuma saa 3. Irekebishe kabla ya kuandika rekodi za siku.

Weka alama ya ndiyo au la kwa kila kimoja. "La" moja kwenye jambo unalolitegemea kila siku inatosha kusubiri au kutafuta suluhisho kwanza.

Kanuni nne za pesa wakati wa jaribio

*Moja: usikubali flashi ya mtu.* Fundi akikuletea flashi tayari, au Windows 11 "iliyofunguliwa" kwa bei ya chee, huwezi kujua kilichomo. Programu za kuvunja leseni ni njia inayojulikana sana ya kuingiza virusi. Tengeneza flashi yako mwenyewe, au kaa karibu na fundi akipakua kutoka tovuti rasmi.

*Mbili: mashine pepe si ngome.* Wengi hudhani kwamba wakiingia akaunti ndani ya dirisha lile wamejificha. Sivyo. Kama Windows ya chini ina virusi vinavyonasa vitufe, vitanasa kila unachoandika, hata ndani ya mashine pepe. Flashi ni tofauti, kwa sababu Windows inakuwa haijawaka kabisa.

*Tatu: usihifadhi nywila kwenye jaribio.* Kivinjari kikiuliza kama kikumbuke, jibu hapana. Kwenye flashi ya kawaida kila kitu hupotea ukizima, lakini kama uliiwekea sehemu ya kuhifadhi, anayeiokota ameokota na nywila zako.

*Nne: hakuna jaribio linalohitaji PIN.* Hatutakupigia kukuomba PIN ili "kuthibitisha kompyuta mpya". Anayefanya hivyo ni tapeli. Kata simu, kisha upige nambari yetu rasmi wewe mwenyewe.

Maswali tunayoulizwa sana

*Stima ikipotea katikati ya jaribio?* Hakuna hasara kwa Windows, mradi hukuwa unasakinisha wala kufungua faili za diski. Kazi uliyoiandika kwenye jaribio ndiyo itakayopotea.

*Naweza kujaribu kwenye kompyuta ya ofisi au ya chuo?* Omba ruhusa kwanza. Kuwasha kwa flashi kunaweza kuruka ulinzi waliouweka.

*Huduma zenu zitabadilika nikihama?* Menyu ya simu haitegemei kompyuta yako. Tovuti inafunguka kwenye kivinjari, na Firefox na Chrome zote zinapatikana kwenye Linux.

*Nisipopenda je?* Toa flashi, washa Windows, na uangalie njia nyingine: mpango wa nyongeza wa masasisho, au kuanza kuweka akiba ya mashine mpya. Kwa sasa, hamishia shughuli za pesa kwenye simu iliyosasishwa, na uiachie kompyuta ile kazi ya kuchapa na kuchapisha.

Kazi ya wiki hii

Usingoje siku ya soko. Chagua alasiri yenye wateja wachache, ukiwa umeshapakua faili, na utenge saa mbili. Orodha ile ya kazi sita iandike kwenye karatasi na uijaze. Ikiwa zote ni "ndiyo", rudia tena wiki ijayo kabla ya kusakinisha. Na kama una mwenzako wa chama au wakala jirani mwenye laptopu ya aina yako, jaribuni pamoja. Flashi moja inaweza kuwahudumia wote, na mkikwama mtakuwa wawili wa kufikiri.