Mwamuzi Amekosea, au Amenunuliwa?

Shabiki wa timu iliyoshindwa kwa tofauti ndogo huwa na maneno mawili juu ya mwamuzi: “amekosea” na “amenunuliwa”. Mara nyingi huyasema yote mawili kwa pumzi moja, kana kwamba la pili ni la kwanza lililotiwa chumvi tu. Walakini ni maneno ya namna mbili mbalimbali kabisa. La kwanza lahusu jicho la mtu na filimbi yake. La pili lahusu moyo wake. La kwanza laweza kuthibitishwa kwa picha. La pili halithibitiki kwa picha, hata ukiitazama mara mia. Somo letu la leo ni juu ya tofauti hiyo, na tutalifundisha kwa mfano wa mashindano ambayo mashabiki wa Marekani hawajaacha kuyabishania tangu mwaka 2002.

Mfano wa mbali tumeuchagua makusudi. Tungalitaja Simba na Yanga, nusu ya wasomaji wangaliliweka gazeti chini kabla ya aya hii kwisha, na nusu nyingine wangaliendelea kusoma kwa hasira. Tena mpira wa kikapu wa Marekani si mgeni kabisa nyumbani mwetu, maana mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya walioingia katika ligi ile.

Mwezi wa Mei 2002 timu mbili za jimbo la California, Los Angeles Lakers na Sacramento Kings, zilikutana katika fainali ya kanda ya Magharibi ya NBA, ambayo ndiyo ligi kuu ya mpira wa kikapu wa kulipwa. Katika hatua hiyo timu hukutana hata mara saba, na ile itakayotangulia kushinda mara nne ndiyo husonga mbele. Lakers walikuwa mabingwa wa miaka miwili iliyotangulia. Kings walikuwa wamemaliza msimu wa kawaida wakiwa wameshinda michezo 61 kati ya 82, nao hawakupitwa na timu yoyote. Baada ya michezo mitatu Kings walikuwa mbele, wameshinda miwili kwa mmoja.

Mchezo wa nne ulichezwa Los Angeles. Kings waliwahi kutangulia kwa alama 24. Nusu ya kwanza ilipokuwa inakwisha, mchezaji wa Lakers aitwaye Samaki Walker (wasomaji wasidhani kwamba mpiga chapa ameteleza, ndilo jina lake) alitupa mpira kutoka mbali, ukaingia, na waamuzi wakampa alama tatu. Picha za televisheni zilionyesha ya kuwa kengele ya mapumziko ilikuwa imekwisha kulia mpira ukingali mkononi mwake. Mwishoni Robert Horry, wa Lakers vilevile, alitupa mpira wa alama tatu katika nukta ya mwisho kabisa, na Lakers wakashinda kwa 100 dhidi ya 99.

Hapo shabiki wa Kings alichukua penseli yake. Tatu zisizo halali, tofauti moja: basi tumeibiwa. Hesabu yake yaonekana safi, lakini ina tundu, kwa sababu nusu nzima ya mchezo ilikuwa bado haijachezwa, na hakuna ajuaye timu mbili zingalicheza vipi kama ubao ungalisoma vingine. Hata hivyo kosa lilikuwa kosa, na wala hatuna haja ya kulipunguza. Ligi yenyewe ilikubali fundisho: kuanzia msimu wa 2002 na 2003 waamuzi waliruhusiwa kutazama picha za marudio kwa mitupo ya mwisho wa kila robo.

Mchezo wa tano, uliochezwa Sacramento, ulienda kinyume. Lakers walikuwa mbele kwa alama moja, sekunde chache zimebaki, mpira ukatoka nje ya mstari. Picha zilionyesha kuwa wa mwisho kuugusa alikuwa Chris Webber wa Kings. Waamuzi wakawapa Kings. Mara Mike Bibby akatupa, mpira ukaingia, na Kings wakashinda kwa 92 dhidi ya 91. Jambo hili yafaa kulikumbuka kwa makini, maana katika mabishano ya miaka hii yote utasikia habari za Walker mara ishirini kabla hujasikia habari za Webber mara moja. Kosa linalotusaidia hatuliiti kosa. Twaliita bahati, kisha twalisahau.

Sasa twafika kwenye mchezo wa sita, tarehe 31 Mei 2002, Los Angeles. Kings walihitaji ushindi mmoja tu wafike fainali kuu. Kwa ajili ya wale wasioujua mchezo huu, yapasa tueleze kwanza mtupo huru ni nini. Mchezaji akichezewa vibaya, hasa wakati wa kutupa, husimama peke yake mstarini mbele ya kikapu na kutupa bila kuzuiwa na mtu, na kila mpira unaoingia ni alama moja. Katika robo tatu za kwanza Lakers walipewa mitupo huru 13 na Kings 16. Katika robo ya nne peke yake Lakers walipewa 27, na Kings 9. Kati ya alama 18 za mwisho za Lakers, 16 zilitoka mstarini hapo. Wachezaji wawili warefu wa Kings waliokuwa wakimkabili Shaquille O’Neal, yaani Vlade Divac na Scot Pollard, walitolewa kwa kutimiza makosa sita kila mmoja. Na sekunde za mwisho zilipokuwa zikihesabiwa, Lakers wakiwa mbele kwa alama moja, Kobe Bryant alimpiga Bibby kiwiko cha pua hata damu ikamtoka, wala Bryant hakuandikiwa kosa. Lakers walishinda kwa 106 dhidi ya 102.

Malalamiko hayakuwa ya vijiweni tu. Ralph Nader, mtetezi mashuhuri wa haki za walaji nchini Marekani, alimwandikia mkuu wa ligi, David Stern, mwezi wa Juni mwaka huo huo, akidai uamuzi wa mchezo ule uchunguzwe.

Je, namba 27 zathibitisha nini? Zathibitisha kwamba filimbi ilipulizwa mara nyingi upande mmoja. Hazithibitishi kwamba kila filimbi ilikuwa ya uongo. O’Neal alikuwa mtu wa urefu wa mita 2.16 na uzito wa kilo zaidi ya 140, naye alisimama karibu kabisa na kikapu. Kumzuia mtu wa namna hiyo bila kumgusa ni kama kuzuia gogo kwenye maji ya kasi. Alifunga alama 41 usiku ule. Tena timu iliyo nyuma mwishoni huwachezea wenzao vibaya kwa makusudi, ili saa isimame na wapate mpira tena. Mitupo ya namna hiyo huingia katika hesabu, ingawa hakuna anayeilalamikia. Ukiyaondoa hayo yote, bado hubaki maamuzi ambayo watu wengi wasio na upande waliyaona mabaya, na kiwiko kile cha Bryant ni mojawapo. Hukumu yetu ni hiyo: waamuzi watatu wa mchezo wa sita walifanya kazi mbaya katika robo ya nne. Majina yao hatuyataji, si kwa kuwa ni siri, bali kwa kuwa somo letu halina haja nayo.

Lakini kutoka “kazi mbaya” hadi “kazi ya hila” kuna mto wa kuvuka, na daraja lake ni ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 2007 mwamuzi mmoja wa NBA, Tim Donaghy, alikiri mahakamani kwamba alishiriki kamari juu ya michezo ya ligi, hata michezo aliyoiamua mwenyewe. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Yeye hakuwa uwanjani katika mchezo wa sita. Walakini mwezi wa Juni 2008 wakili wake alipeleka barua mahakamani yenye kudai kwamba katika mashindano ya mwaka 2002 waamuzi wawili walitaka mchezo wa saba uwepo, kwa faida ya ligi, na kwa hiyo waliisaidia timu moja. Timu hazikutajwa, ila kila msomaji alizitambua. Ligi ilikanusha. Lawrence Pedowitz, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali, aliajiriwa na ligi kuchunguza mambo ya uamuzi, na taarifa yake ya mwezi wa Oktoba 2008 ilisema hakukuta ushahidi wa kwamba mwamuzi mwingine yeyote alicheza kamari juu ya michezo ya ligi au kuipotosha.

Shabiki wa Sacramento hujibu: mchunguzi alilipwa na ligi. Neno hilo si la kupuuzwa. Mtu anayechunguza nyumba ya tajiri wake hutazamwa kwa mashaka, na ligi ingalifanya vema kumtafuta mtu wa nje kabisa. Walakini shahidi wa upande wa pili ni nani? Ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa kwa udanganyifu katika kazi hiyo hiyo, akiwa amesimama mbele ya hakimu akitafuta kupunguziwa adhabu. Mzani ukiwa hivyo, mwenye akili hasemi “walinunuliwa”, wala hana lazima ya kusema “walikuwa safi kama theluji”. Husema ya kuwa walikosea vibaya, na kwamba hila haijathibitishwa. Sentensi hiyo haina utamu barazani, nasi twalijua hilo. Lakini waamuzi wale ni watu wenye majina na wenye watoto, nao wameitwa wezi kwa miaka zaidi ya ishirini kwa ushahidi ambao mtu asingeukubali kama ungaletwa juu ya ndugu yake.

Kuna jambo jingine, na hili lahusu macho yetu sisi watazamaji. Tarehe 23 Novemba 1951 vyuo viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, vilicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi. Ulikuwa mchezo mkali. Nyota wa Princeton alivunjika pua, na baadaye mchezaji wa Dartmouth alivunjika mguu. Wataalamu wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu moja ya mchezo ule, wakawaomba wahesabu makosa. Wale wa Princeton waliona makosa 9.8 ya Dartmouth kwa wastani. Wale wa Dartmouth waliona 4.3. Filamu ni ile ile. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1954. Hatudhani wanafunzi hao walisema uongo. Kila mmoja aliona kweli alichokiona, kwa sababu alikuwa amekwisha kuchagua mahali pa kutazama. Shabiki wa Lakers akitazama leo picha za mchezo wa sita hutazama mikono ya Divac mgongoni mwa O’Neal. Yule wa Kings hutazama mabega ya O’Neal kifuani mwa Divac. Aliyeubuni mchezo huu mwaka 1891, James Naismith, katika kanuni zake 13 za kwanza aliwagawia waamuzi wawili kazi mbalimbali: mmoja awatazame watu, mwingine autazame mpira. Alijua kwamba jicho moja halitoshi. Na alikuwa akiwazungumzia wasio na timu!

Mchezo wa saba ulichezwa tarehe 2 Juni, Sacramento, mbele ya watu wa Kings. Ulikwenda muda wa nyongeza, na Lakers wakashinda kwa 112 dhidi ya 106, kisha wakachukua ubingwa. Katika mchezo huo Kings walipewa mitupo huru 30 wakaingiza 16 tu. Mitupo ya alama tatu walijaribu 20, wakaingiza 2. Mashabiki wa Lakers huzitaja hesabu hizi kama kifuniko cha sufuria: mngaliingiza mitupo yenu, msingalilalamika. Jibu hilo hatulikubali. Mtu aliyepunjwa sokoni Ijumaa, akapoteza pesa zake mwenyewe Jumapili, hakupunjwa kidogo zaidi kwa sababu hiyo. Lakini naye asiseme kwamba pesa zote zilichukuliwa na mchuuzi. Mitupo 14 iliyokosa kikapu haikuwa na mwamuzi ndani yake.

Tangu siku hizo ligi imebadili mengi. Mwaka 2014 ilifungua kituo cha kutazama picha za marudio huko Secaucus, New Jersey, na tangu msimu wa 2019 na 2020 kocha aweza kudai uamuzi utazamwe upya. Tena tangu mwezi wa Machi 2015, mchezo ukiwa umekaribiana mwishoni, ligi hutoa hadharani taarifa juu ya dakika mbili za mwisho, ikiandika filimbi iliyokuwa halali, isiyokuwa halali, na ile iliyopasa kulia isilie. Matokeo hayabadilishwi. Wako waamuzi na wachezaji wasioipenda taarifa hiyo, kwa kuwa humtia mtu aibu bila kumrudishia mshindwa kitu. Sisi twaiona ni afadhali kuliko kunyamaza, kwa maana ukimya wa ligi mwaka 2002 ndio uliowaacha watu waijaze nafasi kwa dhana zao. Lau ingalikuwapo mwaka ule, kiwiko cha Bryant kingaliandikwa na kuamuliwa kesho yake. Lakini robo moja ya mchezo wa NBA ni dakika 12, na dakika 10 za kwanza za robo ile ya nne zisingaliguswa na taarifa hiyo hata kidogo.