Antena ya Juu ya Paa na Chaneli za Bure: Maswali na Majibu

Je, baada ya mitambo ya analojia kuzimwa, antena bado inaweza kuleta televisheni bila malipo ya kila mwezi?

Inaweza, na inasikitisha kwamba kaya nyingi hulipia kile ambacho tayari kinapita hewani juu ya mapaa yao. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikakamilisha mwaka 2015, lakini kilichobadilika ni namna picha inavyofungashwa, kwani minara ya ardhini inaendelea kurusha mawimbi kama zamani. Mfumo unaotumika nchini Tanzania na Kenya, DVB-T2, yaani kizazi cha pili cha utangazaji wa dijitali wa ardhini, huwezesha masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja kubeba chaneli nyingi kwa pamoja. Mtazamaji huhitaji antena, kebo na king'amuzi, yaani kifaa kinachofumbua mawimbi na kuyageuza kuwa picha na sauti. Televisheni nyingi za miaka ya karibuni zina king'amuzi hicho ndani yake, hivyo kebo ya antena huchomekwa moja kwa moja. King'amuzi cha dishi hakifai kwa kazi hii, kwa sababu hicho kimetengenezwa kwa mawimbi ya setilaiti.

Ni lazima kununua antena iliyoandikwa kuwa ni ya dijitali?

Si lazima, kwa kuwa antena hunasa mawimbi ya masafa fulani bila kujali yamebeba analojia au dijitali. Antena ya fito za aluminiamu inayoonekana mitaani ni ya aina iliyobuniwa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, walioieleza kwa maandishi mwaka 1926: ufito mmoja huunganishwa na kebo, ufito mrefu zaidi ulio nyuma yake huyarudisha mawimbi mbele, na fito fupi zilizotangulia huyaelekeza kwenye ule ulioungwa kebo. Linalopaswa kuangaliwa ni urefu wa fito hizo. Matangazo ya dijitali ya ardhini hutumia zaidi masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470, ambayo nusu ya urefu wa wimbi lake ni takriban sentimita 32 na hupungua kadiri masafa yanavyopanda, kwa hiyo antena kuukuu yenye fito ndefu tu, zinazokaribia mita moja, ilitengenezwa kwa masafa mengine na haitafaa sana.

Iwekwe wapi, na ielekezwe wapi?

Mawimbi ya UHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na ndiyo sababu kimo cha antena kina uzito kuliko bei yake. Kwa makadirio, umbali wa kilomita ambao mawimbi hufika kabla ya mviringo wa dunia kuyazuia hupatikana kwa kuzidisha 4.1 kwa kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, hesabu ikifanywa kwa mnara na kwa antena kisha majibu yakajumlishwa. Mnara wa mita 100 na antena iliyo mita 9 kutoka ardhini hutoa takriban kilomita 53. Ardhi yenyewe huongeza au kupunguza. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hunufaika na mitambo ya Limuru iliyo juu ya mita 2,000, ilhali mkazi wa bondeni, au aliye nyuma ya jengo la ghorofa nyingi, anaweza kukosa picha akiwa karibu kabisa na mnara. Paa la mabati nalo huakisi mawimbi, na hapo ndipo antena nyingi za ndani hushindwa. Fito nazo zinaweza kulazwa au kusimamishwa, kulingana na jinsi mnara unavyorusha. Antena za majirani wenye picha nzuri huonyesha mwelekeo na mkao kwa pamoja. Mlingoti usiinuliwe kamwe karibu na nyaya za umeme.

Kwa nini picha huganda ghafla, badala ya kuonyesha chenga kama zamani?

Katika analojia kila upungufu wa mawimbi ulionekana kwenye kioo, ndiyo maana chenga ziliongezeka polepole. King'amuzi cha dijitali hupokea tarakimu pamoja na tarakimu za ziada za kusahihishia makosa, hivyo picha hubaki safi hadi makosa yazidi uwezo wa kuyasahihisha, kisha hukatikakatika na kutoweka. Mfumo huu humficha mtazamaji hatari, kwa sababu picha safi inaweza kuwa imebakiza kiasi kidogo tu kabla ya kuganda, na mvua kubwa au mti uliokua huweza kukimaliza. Dawa ni kufungua ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, kisha kuizungusha antena kidogo kidogo huku ukiangaliwa ubora zaidi ya nguvu. Ubora ukishuka bila antena kuguswa, kebo na viungio vikaguliwe kwanza, hasa Pwani, ambako hewa yenye chumvi hula metali.

Je, busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, husaidia?

Husaidia pale kebo ni ndefu au inapogawanywa kwa televisheni kadhaa, na ifungwe karibu na antena, kwani hukuza pia kelele zote zilizoingia kabla yake. Karibu na mnara hudhuru.

Chaneli za bure zikifungwa baada ya malipo ya king'amuzi kwisha, mtazamaji afanye nini?

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ilisisitiza mwaka 2018 kwamba wenye leseni za ving'amuzi vya ardhini wanapaswa kubeba chaneli za kitaifa za bure bila kumtoza mtazamaji, na malalamiko hupelekwa huko. Nchini Kenya vipo pia ving'amuzi visivyo na malipo ya mwezi kabisa. Kabla ya kulalamika, chaneli zisakwe upya, kwani masafa ya mnara yakibadilishwa, king'amuzi huendelea kuzitafuta mahali zilipokuwa.