Barua ya VA: Soma Tarehe Kabla ya Kusoma Jibu

Kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani wanaozungumza Kiswahili

Malalamiko mengi yanayotufikia kuhusu fidia ya ulemavu yanafanana. Mstaafu alidai, akakataliwa, akaghadhibika, barua akaitupa kabatini. Anapotufikia, muda umekwisha. Ghadhabu ni haki yake, lakini VA haihesabu ghadhabu. Inahesabu siku.

Unao mwaka mmoja wa kupinga uamuzi, kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si siku uliyoifungua. Umehamia Minneapolis, au umerudi Nakuru, na barua imekwenda kwenye anwani ya zamani? Siku zinakatika vilevile. Sahihisha anwani yako leo.

Ukipinga ndani ya mwaka huo kisha ukashinda, malipo kwa kawaida hurudi nyuma hadi tarehe ya dai la kwanza. Ukichelewa, bado unaweza kuleta dai la nyongeza, ila malipo kwa kawaida huanzia siku ulipolileta. Aliyedai Machi 2021, akakataliwa Septemba, akanyamaza hadi Machi 2024 ndipo akaleta dai la nyongeza na kushinda, kapoteza malipo ya miaka 3. Tunarudia: tarehe ya kwenye barua.

Tangu Februari 2019 njia za kupinga ni tatu. Dai la nyongeza, fomu 20-0995, ni la mwenye ushahidi mpya, mfano maelezo ya daktari yanayounganisha maradhi ya sasa na utumishi wako. Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, hayapokei ushahidi mpya, hata karatasi moja. Afisa mwandamizi hulisoma upya faili lilelile. Rufaa kwa Bodi ya Rufaa za Wastaafu, fomu 10182, huamuliwa na jaji. Hapa ndipo watu wanapojiponza: mtu ana majibu mapya ya vipimo vya mapafu mkononi, halafu anachagua mapitio, na majibu yale hayasomwi.

Uliyekataliwa kabla ya sheria ya PACT ya Agosti 2022, kwa maradhi yanayohusishwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka kule Iraki au Afghanistan, lete dai la nyongeza. Masharti ni mengi, mwulize mwakilishi.

Nasi tunasema mwakilishi aliyeidhinishwa na VA, si kishoka. Sheria hairuhusu mtu kukutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Wakili au wakala aliyeidhinishwa anaweza kutoza baada tu ya uamuzi wa kwanza kutolewa. DAV, American Legion na VFW husaidia bure. Ofisi yetu nayo haitozi hata senti, na tunajivunia hilo. Anayetaka nywila yako au sehemu ya malipo yako ya kila mwezi, usimpe hata jina lako.

VA ikikuita kwa uchunguzi wa daktari, nenda. Kukosa bila sababu ya msingi kunaweza kuliua dai.

Na Bodi ikikukatalia, mahakama ya rufaa za wastaafu inakupa siku 120 tu za kukata rufaa.