Kukolea si giza: maswali yenu kuhusu almasi ya waridi

Nimechagua barua zilizonikera na zile zilizonitia hofu. Anayetaka kujua karati ni nini, amuulize sonara yeyote hapa Bukavu, atajibiwa bure.

Mwanangu yuko Brussels, anatafuta jiwe dogo la roze kwa pete ya uchumba. Ameonyeshwa mawili: moja cheti kinasema "fansi intensi", jingine "fansi dipu". Muuzaji anadai dipu liko ngazi mbili juu kwa sababu rangi yake ni nzito, na anataka pesa zaidi. Achukue lipi? (Mama wa Ibanda)

Mama, muuzaji huyo ama hajui kazi yake, ama anaijua na anamficha mwanao. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana kosa hili nimelisikia Bukavu, nimelisikia Kigali, na limekula akiba za watu wengi.

Watu wanadhani viwango vya rangi ni ngazi moja ndefu, na kwamba kadiri jiwe linavyokuwa jeusi ndivyo linavyopanda. Sivyo. GIA, maabara ya Marekani ambayo maneno yake yanafuatwa na wafanyabiashara wa dunia nzima, inaanzia kwenye rangi iliyofifia, kisha nyepesi sana, kisha nyepesi. Baada ya hapo linaingia neno fansi: fansi laiti, fansi, fansi intensi, fansi vividi. Mpaka hapo ni ngazi kweli. Lakini fansi dipu na fansi daki hazikai juu ya vividi. Zimekaa pembeni, kama vyumba vilivyoongezwa ubavuni mwa nyumba.

Sababu ni kwamba mpimaji anatazama mambo mawili kwa wakati mmoja: rangi ina mwanga au giza kiasi gani, na imekolea kiasi gani. Wewe unayepika unalijua jambo hili kuliko muuzaji yule. Sombe iliyokolea si sombe iliyoungua. Ukitia chumvi na mawese kwa kipimo, inakolea. Ukiisahau motoni inakuwa nyeusi, na hakuna mgeni atakayesema imekolea zaidi. Vividi ni jiwe lililokolea na bado linang'aa. Dipu limekolea lakini giza limeingia. Daki, giza ndilo limetawala. Kuna watu wanaolipenda jiwe la dipu na mimi nimeona mazuri sana. Basi walinunue kwa uzuri wake, wasiambiwe kwamba limelipita vividi kwa cheo.

Jambo la pili: neno lililoandikwa kwenye cheti ni komini, si nyumba. Ukiniambia mtu anakaa komini ya Kadutu, hujaniambia kama yuko barabarani au kule juu mlimani. Tazama mifano miwili inayojulikana. Mwaka 2017 almasi iitwayo Pink Star, karati 59.60, iliuzwa Hong Kong kwa dola milioni 71.2. Mwaka 2022, huko huko, Williamson Pink Star ya karati 11.15 tu ilifikia dola milioni 57.7. Zote mbili ni fansi vividi, zote mbili hazina doa ndani. Piga hesabu kwa karati: ya kwanza ni kama dola milioni 1.2, ya pili inapita milioni 5. Cheti kilisema neno lile lile.

Kwa hiyo mwanao aombe mawe yote mawili yawekwe kando kwa kando juu ya karatasi nyeupe, uso wa jiwe ukimtazama yeye, maana hata maabara hupima rangi ya almasi hizi kutoka juu. Kisha aulize swali ambalo muuzaji hatalipenda: je, kuna fansi iliyo karibu kabisa na intensi? Jiwe la ukingoni namna hiyo, likishakaa kidoleni, ni vigumu kulitofautisha na intensi ya chini, lakini bei zao zinatengana mno. Mimi ningemnunulia mwanangu hilo.

Cheti changu kinataja zambarau na waridi, cha dada yangu kahawia na waridi. Nani amepata?

Jina la mwisho ndilo mwenye nyumba. Linalotangulia ni mgeni. Mgeni wa zambarau mara nyingi huipa waridi ubaridi unaopendwa. Mgeni wa kahawia huizima, na bei hushuka. Ila kama dada yako analipenda jiwe lake na alilipa bei ya kahawia, hakupoteza kitu.

Mawe ya roze kutoka Numbi, hapa Kivu, ni almasi? (Barua nyingi, nazijibu pamoja)

Hapana. Ni turmalini.

Mmeniandikia kutoka Kalehe, Bagira na Uvira, na wote mmeambiwa na dalali yule yule wa maneno matamu kwamba jiwe limekata kioo kwa hiyo ni almasi. Turmalini inakata kioo. Hata kwarizi inakata kioo. Kipimo hicho ni upuuzi, na wanaokiuza wanajua hivyo. Kijana mmoja aliniletea jiwe limefungwa kwenye karatasi ya sigara. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili wa mahari ili alinunue. Nilimwonyesha kwa lenzi: ukitazama ndani ya turmalini kwa upande unaofaa, mistari ya nyuma ya jiwe inaonekana miwilimiwili. Kwenye almasi haionekani hivyo kamwe. Alitazama mara tatu, akakaa chini bila kusema neno. Lile lilikuwa jiwe zuri, lenye thamani yake halali. Lakini lilikuwa turmalini, na ng'ombe hawakurudi.

Almasi za nchi yetu zinatoka Kasai, upande wa Mbuji-Mayi na Tshikapa, na kwingineko kama Kisangani. Nyingi ni za viwandani. Kivu ina utajiri wake mwingine.

Nilipige nyundo nihakikishe?

Usithubutu. Almasi ni ngumu kukwaruzwa, lakini ikipigwa inapasuka.

Fundi mmoja anasema rangi ya roze ni manganizi, na kwamba akilipasha jiwe moto kwa dawa zake litapanda mpaka vividi.

Manganizi ndiyo inayoipa turmalini rangi ya waridi. Almasi ya waridi haina dawa wala madini yanayoipaka rangi. Ni kaboni iliyokandamizwa na kupindwa chini ya ardhi mpaka mpangilio wake wa ndani ukateleza, na mara nyingi ukitazama kwa lenzi unaona rangi imekaa kwa mistari. Moto wa jiko hauwezi kurudia kazi hiyo. Zipo maabara za nje zinazobadilisha rangi ya almasi kwa mionzi na joto kali, zipo almasi zilizopakwa utando, na zipo zilizooteshwa kiwandani. Hizo zote ni biashara halali zikitajwa kwa majina yao. Kile kidude chenye sindano kinacholia "almasi, almasi" hakiwezi kukuambia kama rangi ni ya asili. Cheti cha maabara kinaweza. Mnyang'anye fundi huyo jiwe lako leo.

Jiwe langu ghafi lina cheti cha Kimberley. Kinatosha kujua daraja la rangi?

Hapana. Kinahusu asili ya almasi ghafi, si rangi.

Ni kweli Afrika Mashariki haina almasi za waridi, zote zilitoka Australia?

Machimbo ya Argyle huko Australia yalitoa sehemu kubwa ya almasi za waridi za dunia mpaka yalipofungwa Novemba 2020. Lakini Mwadui, Shinyanga nchini Tanzania, iko jirani yetu. Mwaka 1947 ilitoa jiwe la karati 54.5 alilopewa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kama zawadi ya harusi. Lilipokatwa likabaki karati 23.6, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomwamini anayekutajia daraja la rangi la jiwe ambalo bado ni ghafi: mkataji anaweza kuikusanya rangi au kuipoteza. Ile almasi ya karati 11.15 niliyoitaja juu nayo ni ya Mwadui.

Naweza kukuletea jiwe langu jioni nikitoka kazini?

Jioni hapana. Chini ya balbu ya manjano kila waridi hupendeza, na hapo ndipo madalali hupenda kuuzia. Njoo saa nne asubuhi, siku ya mawingu ikiwezekana, tutakaa dirishani. Kama umelifunga kwenye kitambaa chekundu, litoe, kwa kuwa wekundu ulio karibu hudanganya jicho, na kama limeshikwa na dhahabu nyekundu uniambie mapema, maana itabidi tulitoe kwanza.