Uliza Kozi Kabla Hujalipa Ada

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, madalali wa vyuo huanza kupiga simu. Anayepiga anajua mpaka alama za mtoto. Nafasi zimebaki chache, atasema, tuma ada leo. Mzazi, usitume. Hakuna sheria inayokulazimisha kulipa leo, na ipo moja, tutaiona chini, inayoweza kukuumiza usipouliza kwanza.

Wengi huuliza kama chuo kimesajiliwa, wakijibiwa ndiyo, wanatulia. Swali hilo halitoshi. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na kikafundisha biashara kwa kibali, huku kozi ya famasi kinayoinadi haina idhini yoyote. Hapa Tanzania vyuo vya kati husimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na kila chombo hutoa mwongozo wa udahili ambao unausoma bure mtandaoni. Tafuta humo jina la chuo, kampasi, kozi yenyewe na sifa za kujiunga.

Kozi za afya ndizo zinazoliza watu zaidi. Mtoto hana ufaulu wa Kemia, lakini anaambiwa aje tu, "tutamwombea nafasi". Anasoma, ada inalipwa, kisha Baraza la Uuguzi na Ukunga linamkataa kwa kuwa mafunzo yake hayatambuliki. Bila usajili wa baraza hilo, hawezi kuajiriwa kihalali kama muuguzi.

Kwa stashahada, waulize pia wahitimu wa mwaka jana kama wamepata namba ya uhakiki wa tuzo (AVN), ambayo NACTVET hutoa kwa anayetaka kuendelea chuo kikuu. Wakianza kulalamika kwamba matokeo yao hayaonekani kwenye mfumo, umeshapata jibu.

Sasa tuseme umeshalipa na umegundua umedanganywa. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, aliyekubali mkataba kwa kupewa maelezo yasiyo ya kweli anaweza kuuvunja na kudai chake. Lakini kifungu cha 19 kina sharti ambalo wazazi wengi hawalijui: kama maelezo yalikuwa ya makosa tu, na wewe ulikuwa na njia ya kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, huwezi kuuvunja mkataba kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kusoma ule mwongozo kabla ya kulipa kunalinda pesa yako na pia kesi yako. Aliyekudanganya kwa makusudi ni habari nyingine. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, nenda polisi.

Ushahidi ndio kila kitu. Lipa kwenye akaunti yenye jina la chuo, kamwe si kwenye simu ya mtu. Tunza risiti, barua ya udahili, fomu ya maelekezo ya kujiunga na ujumbe wote wa WhatsApp, maana ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha. Mwandikie mkuu wa chuo ukidai urejeshewe ada kabla ya tarehe maalumu, nakala ipeleke NACTVET au TCU, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, mtafute msaidizi wa kisheria katika wilaya yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi hao, na wasio na uwezo huhudumiwa bila malipo.

Cheti halisi cha mtoto kionyeshwe kwa uhakiki, kisha mrudi nacho nyumbani. Chuoni iachwe nakala.